Faili la Mama Shani Linasalimu Viongozi

Mstari wa buluu ulikuwa umevuka nusu ya kioo cha kompyuta, na Feruzi Shaweji alikuwa amezuia pumzi. Chini ya mstari palikuwa na maneno yaliyoandikwa kwa unyenyekevu mkubwa: "Tafadhali subiri. Faili lako linamsalimu Mheshimiwa Waziri wa Mifugo."

"Limefika kwa nani?" aliuliza mkewe, aliyekaa kwenye benchi nyuma yake.

"Mifugo."

"Jana si lilifika Michezo?"

"Michezo iko chini ya Mifugo, mama Shani. Jana tulikuwa mbele zaidi."

"Kumbe tunarudi nyuma."

Feruzi hakuwa na desturi ya kulikubali jambo kabla ya kulichunguza.

Alikuwa mpakiaji wa mafaili katika Hospitali ya Wilaya ya Makongoroni, katika nchi moja ambayo jina lake halina haja ya kutajwa, kwa kuwa wenyewe wanaijua na wageni hawaipati kwenye ramani. Kompyuta alijifunza mwenyewe, kwa kufungua zilizokufa na kuzitazama kwa subira mpaka zione haya na kuwaka. Lakini wiki hiyo hakuwa akipakia faili la mgonjwa wa watu. Lilikuwa la mkewe.

Mama Shani alikuwa akishona kofia, zile za mkono zenye vitobo vidogo vidogo vinavyopangwa kuwa maua. Mwanzoni mwa mwaka alishona kofia ikiwa magotini. Sasa aliisogeza mpaka kwenye pua, kana kwamba anainusa. Nyuma ya macho yake palikuwa pameota uvimbe, na uvimbe ule ulikuwa unaikaba nuru. Mashine ya hospitali, ambayo ilikuwa msaada wa nchi marafiki, ilikuwa imempiga picha za ndani ya kichwa. Mtu mmoja tu nchini aliweza kuutoa uvimbe huo, naye ni Daktari Nyagali wa Hospitali Kuu, mjini. Alikuwa amempa mama Shani nafasi ya Ijumaa. Picha ikifika kabla ya hapo, atapasuliwa. Isipofika, nafasi ataipata mwingine, na yeye atasubiri mpaka baada ya masika. Na uvimbe haukuwa na mpango wa kusubiri masika.

Picha ilitakiwa ifike kwa njia moja tu: kupitia hifadhi ya mtandaoni ya Taifa, ambayo wananchi waliiita Wingu kwa mapenzi.

Hapa inafaa tueleze, kwa faida ya wasioijua nchi ile, kwamba watu wake wana adabu kuliko wote. Zamani mafaili yao yalikuwa yanasafiri kama ng'ombe, yanaingia tu. Siku moja hesabu ya mbuzi wa wilaya fulani ilitokea kwenye kioo cha waziri bila hata kubisha hodi, naye alikuwa anakula. Ndipo ikatungwa Sheria ya Adabu za Mafaili. Tangu siku hiyo kila faili, kabla ya kusema lililolileta, sharti liwasalimu viongozi wote kwa vyeo vyao, kuanzia Rais mpaka Mkuu wa Wilaya, na kwa kila kiongozi libebe picha yake kubwa, safi, inayoonyesha kope. Kulikuwa na wakati watumaji wavivu waliandika tu "itifaki imezingatiwa" wakaendelea na mambo yao. Naibu waziri mmoja alipogundua kwamba yeye, mke wake wa kwanza na shahada zake zote wamefungwa ndani ya maneno mawili, alilia hadharani. Maneno hayo yakapigwa marufuku.

Ghafla kioo kikawa chekundu na king'ora kikalia.

"Kaa pembeni," kompyuta iliandika. "Faili la kiongozi linapita."

Feruzi aliondoa mikono kwenye kibodi, kama sheria inavyotaka. Mafaili yote ya nchi yalisogea pembeni: mitihani ya watoto, vipimo vya damu, maombi ya hati za kuzaliwa na za kufa. Iliyokuwa inapita ni video ya Waziri wa Maji akikata utepe kwenye bomba. Ilikuwa ndefu, kwa sababu mkasi haukukata.

Msafara ulipokwisha kupita, mstari wa buluu ulirudi mwanzo kabisa. Nalo hilo lilikuwa la adabu. Mtu akikatizwa akiwa anamwamkia mzee, hawezi kurudi baadaye akamalizia, "-kamoo." Huanza upya.

"Linamsalimu nani sasa?" mama Shani aliuliza.

"Rais," alisema Feruzi taratibu.

"Mheshimiwa huyo hachoki?"

*

Feruzi hakuwa mtu wa kulaumu. Aliamini kwamba kila kinachokwenda polepole kina sababu, na sababu hupatikana ukitafuta kitu kimoja kimoja. Alianza na waya. Akauchomoa, akaufuta kwa shati, akauchomeka. Mstari haukujali. Akazima kompyuta, akaiwasha. Kompyuta ikaimba wimbo wa taifa, beti zote, yeye akiwa amesimama wima na mkewe naye amesimama, ameshika ukuta. Akapita ofisi kwa ofisi kuwaomba wenzake wauache mtandao kwa muda. Waliuacha kwa moyo mmoja, wakatoka nje kuota jua, na mstari ukaenda kama ulivyokuwa unaenda.

Kisha akakumbuka kwamba mzigo usiobebeka hugawanywa. Akazikata picha za mkewe vipande vipande na kuvituma kimoja kimoja. Alichosahau ni kwamba kila kipande kilikuwa kimelelewa vizuri. Kipande chenye sikio la mama Shani na hakuna kingine kilisimama kumsalimu Rais, makamu wake, mawaziri na manaibu wote, na kipande cha sikio la pili kikaja nyuma yake kufanya hivyo hivyo. Alasiri ofisi ya Waziri wa Mifugo ilipiga simu kumshukuru. Walisema Mheshimiwa hajawahi kupendwa kiasi kile na mtu asiyefuga.

Akavikusanya vipande, akaunga faili. Akajaribu kulipunguza ukubwa.

Hapo ndipo alipoingia Bwana Kisauji. Kila hospitali ya nchi ile ilikuwa na Afisa Itifaki wa Mafaili. Mafundi hawakuwapo kwa sababu bajeti haikutosha wote. Bwana Kisauji alikuwa mtu mwema, mwenye tai iliyofika chini ya mshipi.

"Feruzi, ndugu yangu," alisema, akifunga mlango kwa uangalifu. "Naambiwa umempunguza Rais."

"Nimepunguza faili, mkuu."

"Na Rais yumo ndani ya faili?"

"Yumo."

"Basi naye amepungua. Alikuwa na mabega, bwana! Sasa hivi kule Wizarani anaonekana kama mtu aliyetoka kuugua. Watu wanaulizana. Ubalozi mmoja umeshatuma pole."

"Sikukusudia, mkuu. Nilitaka macho ya mke wangu yafike."

"Najua hukukusudia. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe badala ya wale wengine." Bwana Kisauji alimgeukia mama Shani, uso ukamlegea. "Pole, shemeji. Macho vipi?"

"Nakuona nusu, shemeji."

"Nusu ipi?"

"Yenye tai."

"Basi hujapoteza kitu," alisema Bwana Kisauji, na wote watatu wakacheka, maana katika nchi ile kicheko kilikuwa dawa pekee iliyopatikana hospitalini wakati wote. Kisha akamwambia Feruzi kwa sauti ya chini, "Mrudishie mzee mabega yake. Nakuomba."

Feruzi akamrudishia.

*

Kesho yake akapiga simu Wizara ya Kasi, inayosimamia mtandao. Sauti iliyorekodiwa ilimwambia kwamba simu yake ni ya thamani, ikamtaka asalimie. Akasalimia. Baada ya muda akapokea mtu wa kweli.

"Wizara ya Kasi, upesi wetu ni neema yako. Unasumbuliwa na nini, kaka?"

"Faili haliendi, dada."

"Haliendi kabisa, au linaenda kwa hekima?"

Feruzi alifikiri. "Linaenda kidogo, halafu linarudi."

"Hiyo tunaiita kasi ya pande mbili. Ni huduma mpya. Mtandao wako umeupima?"

Alimwelekeza mahali pa kubonyeza. Feruzi alibonyeza. Papo hapo duma alirukia kwenye kioo, akakimbia kutoka kona hadi kona, na maneno ya dhahabu yakatokea: "Hongera! Kasi yako inatisha."

"Umeona?" alisema yule dada. "Mtandao mzima kabisa."

"Dada, samahani. Kipimo hiki kinatuma nini?"

"Faili tupu."

"Na faili tupu halisalimu?"

"Lisalimu na nini, na ndani hamna kitu? Kaka, ngoja nikwambie kama ndugu yako. Mtandao wetu una kasi ambayo hata sisi tunaiogopa. Unachoka pale tu watu wanapoutumia. Hilo faili lako, lina kitu ndani?"

"Lina picha ya kichwa cha mke wangu."

"Sasa si ndilo tatizo lenyewe!"

Feruzi alilipima neno hilo kwa muda, kama mtu anayeonja chumvi, akaona kwamba halina kosa. Tatizo lilikuwa hilo kweli.

Yule dada alishusha sauti. "Kwani huwezi kutuma tupu? Wenzako wanatuma tupu. Ripoti za mwaka za wilaya zote ziko tupu, na zote zimefika. Nyie Makongoroni mwaka jana si mlipata kombe?"

Ni kweli walipata. Kombe lilikuwa juu ya kabati, pembeni ya kichwa cha Feruzi. Alilitazama kwa mara ya kwanza.

"Daktari atapasua nini kwenye faili tupu, dada?"

"Hayo sasa waulize Wizara ya Afya," alisema yule dada kwa huruma ya kweli, na kabla hajakata simu akaongeza, "Mpe pole mkeo. Mwambie asikaze macho."

*

Wiki ilikuwa imekatika katikati. Feruzi alichukua flashi, akaiweka picha ndani yake, akaishika mkononi. Kubeba faili kwa mkono katika nchi ile kuliitwa kosa la kuitangulia serikali, na watu waliokwisha kuitangulia serikali walikuwa wamefungwa ili iwafikie.

"Nipe," alisema mama Shani.

Akaifumua kofia upindo mdogo, akaitia flashi ndani, akaishona tena kwa kupapasa. Kofia yenyewe ilikuwa haijaisha, upande mmoja hauna maua, lakini Feruzi aliivaa hivyo hivyo, na hivyo hivyo wakasafiri mpaka mjini. Getini Hospitali Kuu askari alimkagua mifuko, viatu na mdomo. Kofia aliisifia.

Daktari Nyagali alikuwa mama mrefu, mwenye sauti ya mtu ambaye hajalala vizuri tangu aajiriwe. Feruzi alipoweka flashi mezani, aliitazama kama aliyefunga saumu anavyoutazama uji kabla ya adhana.

"Hiyo ndiyo picha yenyewe?"

"Ndiyo, daktari. Nzima."

"Nikiiona hapa, sijaiona."

"Daktari..."

"Nisikilize, kaka yangu. Si kwamba sitaki. Mlango wa chumba cha upasuaji hauna kitasa. Unafunguliwa na Wingu, likishathibitisha kwamba picha imefika kwa adabu. Mwaka jana mwenzetu mmoja aliusukuma kwa bega, mgonjwa akiwa kitandani. Sasa hivi ni mganga mkuu wa kisiwa kisicho na watu."

"Basi tufanyeje?"

Daktari alionyesha kompyuta iliyokuwa upande wa pili wa meza yake, pale kwenye kona ya ukumbi wa hospitali. Kompyuta mbili zilikuwa zimepeana migongo.

"Kaa pale, pakia. Ikifika kwenye Wingu, mimi nitaipakua hapa."

Feruzi alizitazama kompyuta zile. "Na hilo Wingu lenyewe liko wapi, daktari?"

"Nje ya nchi. Kwa marafiki. Faili linatoka hapo ulipo, linavuka bahari, linarudi hapa nilipo."

Mama Shani aliunyoosha mkono juu ya meza, ukapita juu ya kompyuta ya kwanza, ncha za vidole zikagusa ya pili.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyo, mama."

"Kumbe si mbali," alisema.

*

Alhamisi mambo yalianza vizuri. Pale mjini viongozi wengi walikuwa jirani, na salamu zilipokelewa upesi. Asubuhi faili lilikuwa limewapita mawaziri wote, likaingia kwa manaibu. Daktari Nyagali aliacha chai yake ipoe. Kila baada ya muda alichungulia juu ya kompyuta yake na kuuliza, "Nani?" Feruzi akajibu, "Naibu, Ushirika," na daktari akajibu, "Mungu mkubwa."

Ndipo zikasikika ngoma. Waziri wa Kasi alikuwa amekuja kuzindua Wiki ya Kasi, ambayo ilitakiwa kuzinduliwa mwezi uliopita. Aliingia ukumbini na wenzake wengi, akiwemo Waziri wa Mifugo, aliyekuja kwa sababu aliambiwa hapo hospitalini kuna mtu anayempenda. Wauguzi waliimba, wagonjwa wanaoweza kusimama walisimamishwa, na wasioweza waliinuliwa upande wa kichwa.

"Ndugu wananchi!" alianza Waziri wa Kasi, baada ya kusalimu kwa muda wa kutosha kuchemsha maharage. "Wapo watu wanaosema mtandao wetu ni wa polepole. Mimi nawauliza: polepole kuliko nini? Kuliko konokono? Konokono anafika! Anafika akiwa na nyumba yake! Nyie mliofika mapema, mna nyumba?"

Makofi.

"Hata hivyo serikali yenu ni sikivu. Tuliunda Tume ya Kuchunguza Madai ya Upolepole. Tume imezunguka dunia nzima, imelala katika hoteli ngumu, imekula vyakula vya ajabu, na baada ya miaka kadhaa ya kazi ya haraka imegundua chanzo. Chanzo, ndugu zangu, ni kwamba wajumbe wa Tume walikuwa hawasalimiwi! Kuanzia leo, kila faili litawasalimu na wao. Mmoja mmoja! Na picha zao!"

Makofi yalikuwa marefu zaidi, maana wajumbe wa Tume nao walikuwepo. Kwenye kioo cha Feruzi mstari wa buluu ulisita, ukatetemeka, ukawa mfupi kidogo.

"Yule bwana mwenye kofia nusu," Waziri aliuliza ghafla, "mbona hapigi makofi?"

Daktari Nyagali aliona mlango mdogo wa kusema umefunguka, akaupenya. "Mheshimiwa, huyo anasubiri faili. Ana shida kubwa, na Mheshimiwa akiisikia inakwisha leo hii."

"Oho! Mleteeni kipaza sauti. Simama, bwana wangu. Sema shida yako. Leo tuko nyumbani, mambo ya itifaki sahau, sema tu moja kwa moja. Una dakika moja, na ukisema vizuri nitatoa amri hapa hapa."

Mama Shani alimvuta mumewe upindo wa shati. "Sema macho, baba Shani. Sema macho tu."

Feruzi alisimama. Maneno aliyotaka kuyasema alikuwa nayo tayari: mke wangu anapofuka, naomba mlango ufunguliwe. Hayakuwa mengi. Yalikuwa yamekaa kwenye ulimi kama watoto waliovaa viatu, wanasubiri kutoka. Lakini alikuwa mtu wa Makongoroni, na Makongoroni hata anayekuja kukuambia kwamba nyumba yako inaungua huanza na hodi, habari za hapa, watoto hawajambo. Kuanza na shida mbele ya wakubwa, bila salamu, kulikuwa ni kama kuingia ukumbini bila suruali. Isitoshe, Mheshimiwa alisema itifaki isahauliwe, na Feruzi hakuwahi kumwona mtu aliyeisahau akarudi kazini Jumatatu.

"Mheshimiwa Waziri wa Kasi," alianza, kwa sauti yake ya upole. "Mheshimiwa Waziri wa Maji. Mheshimiwa Waziri wa Ujenzi. Waheshimiwa wajumbe wa Tume. Mheshimiwa Naibu Waziri wa Michezo..."

Mtu alikohoa mstari wa mbele. Alikuwa Waziri wa Mifugo.

Feruzi aliliona kosa lake. Alikuwa amemruka. Na salamu iliyoharibika katikati, kila mtu anajua, haiungwi.

"Naomba radhi," alisema. "Mheshimiwa Waziri wa Kasi. Mheshimiwa Waziri wa Mifugo. Mheshimiwa Waziri wa Maji..."

Alikwenda haraka kadiri adabu ilivyoruhusu. Mama Shani, ambaye hakuuona ukumbi wala kipaza sauti, alikuwa akitingisha kichwa kwa kila jina, kama mtu anayehesabu ngazi za kushukia. Feruzi alipomfikia tena Naibu Waziri wa Michezo, kengele ya kumaliza dakika ililia.

Waziri wa Kasi alikichukua kipaza sauti. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Mmemsikia, ndugu wananchi?" alisema. "Hana shida hata moja! Ana salamu tu!"

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Waziri wa Mifugo alimfuata Feruzi, akamkumbatia. Feruzi alirudi kwenye kiti, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitaka kumlaumu mtu, lakini alipotafuta wa kumlaumu, kitu kimoja kimoja kama kawaida yake, alijikuta yeye ndiye wa kwanza.

"Ulifika kwa nani?" mkewe alimuuliza.

"Naibu wa Michezo."

Mama Shani alisogea karibu naye. Kisha akatafuta mkono wa mumewe, akaupata.

"Ulikuwa karibu," alisema.

*

Msafara ulipoondoka, faili liliendelea. Lilimaliza manaibu, likawasalimu wajumbe wa Tume mmoja mmoja na picha zao, likamwamkia Mkuu wa Mkoa, likamwamkia Mkuu wa Wilaya. Jua lilikuwa limeshafika kwenye madirisha ya upande wa magharibi. Na hapo, juu ya kioo, yakatokea maneno ambayo Feruzi, katika miaka yake yote ya kupakia, aliwahi kuyaona mara chache: "Faili lako limemaliza kusalimu. Sasa linaeleza lililolileta."

"Daktari!"

"Naona!" Daktari Nyagali alikuwa ameinamia kioo chake mpaka pumzi yake ikakitia ukungu. Picha ilikuwa inateremka kwake ukanda kwa ukanda, kutoka utosini. "Naona ngozi ya kichwa. Naona fuvu. Fuvu zuri, mama."

"Asante," alisema mama Shani.

"Naona ubongo unaanza. Subiri. Subiri. Paji la uso. Bado kidogo, bado kidogo tu, yanakuja macho..."

Redio ya mlinzi, kule mlangoni, ilikatiza taarabu. Sauti nzito ilisema kwamba Mheshimiwa Rais, kwa mamlaka aliyonayo, amefanya mabadiliko madogo katika Baraza la Mawaziri. Waziri wa Kasi amehamishiwa Mifugo. Waziri wa Mifugo amehamishiwa Maji. Waziri wa Maji amepewa kazi nyingine itakayotajwa. Majina yaliyobaki yatatangazwa kesho asubuhi.

Feruzi hakuhitaji kusoma kioo, ila alikisoma, kwa sababu alikuwa mtu wa utaratibu. "Samahani. Faili lako limewasalimu watu wasiohusika. Mafaili yote yaliyo njiani yarudi kwa wenyewe, yakajifunze majina mapya."

Upande wa pili wa meza, Daktari Nyagali alikuwa anaiona picha ikirudi juu. Paji la uso likaondoka. Ubongo ukaondoka, kisha fuvu, kisha ngozi ya kichwa. Alikibandika kiganja chake kwenye kioo, kama mtu anayezuia mlango, na picha ikapita chini ya vidole vyake. Kioo kikabaki cheupe.

Daktari alivua koti lake, akalitundika, akasimama mbele yake kana kwamba hajui ni la nani.

"Kesho ndiyo Ijumaa," alisema. "Njooni mapema. Mlango ukifunguka kabla ya saa za sala, naingia. Mtanikuta nimeshanawa mikono."

"Na usipofunguka?" Feruzi aliuliza.

"Mtanikuta nimeshanawa mikono," daktari alirudia, akatoka.

Mlinzi alianza kupita akifunga madirisha, funguo zikilia kiunoni. Feruzi alikuwa bado amekaa. Juu ya kioo mstari wa buluu haukuwepo. Palikuwa na nafasi tu, pana na safi, inayosubiri majina.

"Limefika wapi?" aliuliza mama Shani.

Alitamani kumwambia limekaribia. "Limerudi lote," alisema.

"Waziri mpya wa Kasi ni nani?"

"Hawajamtaja. Kesho asubuhi."

"Basi wakimtaja tu, nitayashika majina mimi nikutajie, wewe uandike bila kugeuza shingo. Nitamshika mpaka huyo wa Mifugo. Hatumruki tena." Alimvua mumewe kofia taratibu, akaiweka mapajani, akashona maua mawili matatu kwa vidole tu, uso ameuelekeza ukutani. Kisha akaichomeka sindano kwenye kitambaa, akaizungushia uzi.

"Umeacha katikati ya ua," alisema Feruzi.

"Najua. Nimechomeka sindano pale nilipofika. Kesho nitapapasa, nitaanzia hapo hapo."

Feruzi aliitazama sindano ile kwa muda mrefu.

"Tunafunga, jamani," alisema mlinzi, akazima taa. Feruzi aliinuka akapapasa ukuta kutafuta mlango. Mama Shani alibaki ameketi, anaikunja kofia polepole, pindo kwa pindo, kama mtu aliye kwenye mwanga.